Tupeane uzoefu: Wapenzi wa ska, muziki huu ulikukuta wapi, na bendi yako ni ipi?

Gita Kavu (Dar es Salaam)

Wakuu, heshima kwenu. Rege tunaijadili kila kukicha, rumba ndiyo usiseme. Leo naomba tukae na ska, muziki wa Jamaika uliotangulia rege, ambao wengi wanaupita haraka haraka kama utangulizi wa Bob Marley. Mimi naona ni muziki uliokamilika kabisa. Ulipigwa na watu waliosomea vyombo vyao, na sijakutana na kitu kinachonyanyua watu kwenye viti haraka kuliko huo.

Napiga gita kwenye bendi za mahotelini, na kilichoniteka ni kazi ya mikono. Hesabu: moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Kwenye rumba gita linatiririka bila kukoma. Kwenye ska linanyamaza kwenye namba, linagonga kwenye zile "na". Unabana kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja), unapiga zile nyuzi nyembamba tu, na papo hapo unalegeza vidole vya mkono wa kushoto bila kuvitoa kwenye nyuzi. Sauti inakatika: chak! Ukichelewa kulegeza, kodi inamwagika na wimbo mzima unakuwa mzito. Chini yako besi inatembea hatua kwa hatua kama kwenye jazi. Jaribuni wimbo mmoja mzima kwa mwendo wake halisi, kiwiko kitawapa taarifa.

Bendi yangu ni The Skatalites. Iliundwa Kingston mwaka 1964, ikavunjika 1965, na ndani ya kipindi hicho kifupi waliacha kazi ambayo bendi nyingine haziachi kwa miaka ishirini. Wailers, kundi la Bob Marley, waliporekodi "Simmer Down" pale Studio One, studio ya Coxsone Dodd, Bob akiwa hajafika miaka ishirini, waliokuwa nyuma yao ni wapigaji hao hao. Roland Alphonso na Tommy McCook kwenye saksafoni, Lloyd Brevett kwenye besi, Jackie Mittoo kwenye kinanda akiwa bado kijana mdogo. Kwenye drumu, Lloyd Knibb. Msikilizeni Knibb peke yake, mara moja tu, mkiacha vyombo vingine vyote vipite. Mtanielewa.

Haya, karibuni. Ulikutana nao wapi, na nani wako?

Tarumbeta la Marangu

Mkuu Gita Kavu, Mungu akubariki kwa uzi huu.

Mimi ni mtoto wa tarumbeta za usharika. Sisi huku Kilimanjaro kanisa la Kilutheri bila tarumbeta halijakamilika, iwe ni Pasaka, iwe ni msiba. Nilipewa tromboni nikiwa darasa la sita kwa sababu mikono yangu ilikuwa mirefu kuliko ya wenzangu. Tromboni haina vitufe. Kuna nafasi saba kwenye ule mrija, hakuna alama yoyote, sikio lako ndilo linalokuambia usimame wapi. Miaka yote tulipiga nyimbo za kitabu, sauti nne, taratibu.

Kisha akaja kijana wa Kijerumani kwa ule ushirikiano wa sharika zetu na zao. Naye alikuwa mpiga tromboni. Jioni moja baada ya mazoezi akatoa simu yake na kuniambia sikiliza huyu. Ilikuwa "Eastern Standard Time" ya Don Drummond, mpiga tromboni wa Skatalites. Bendi nzima inakwenda kwa furaha, inaruka, halafu juu yake tromboni inaingia na huzuni ambayo sikuwahi kujua kwamba chombo changu kinaibeba. Haikimbizani na ngoma. Anashika noti, anaiacha ielee, anaishusha kidogo mwishoni. Nilirudia wimbo ule mpaka betri ya simu ya mwenyewe ikaisha.

Nilipoanza kufuatilia historia yake ndipo nikaona tunafanana kimalezi. Drummond, McCook, Lester Sterling na mpiga trampeti Johnny Moore, wote walipita Alpha, shule ya watawa wa Kikatoliki wa Shirika la Huruma mjini Kingston, iliyolea yatima na watoto wa familia maskini. Watoto walifundishwa ufundi, na waliokuwa na masikio waliingizwa bendi. Wakaanza na maandamano na nyimbo za nota, kama sisi. Pale kulikuwa na mtawa, Sista Mary Ignatius Davies, aliyesimamia mambo ya muziki kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 2003. Alikuwa na mkusanyiko wake wa santuri na mitambo ya kuzipigia, akiwachezea vijana jazi na muziki mwingine wa aina zote. Huwa nafikiri, yule sista angekuwa mtu wa kusema "huo ni muziki wa dunia, zimeni", leo tusingekuwa na Skatalites.

Neno moja zito. Mwanzoni mwa Januari 1965, Drummond alimuua mpenzi wake, Anita Mahfood, mcheza dansi mashuhuri wa Kingston aliyejulikana kama Margarita, ambaye naye aliimba na kurekodi. Drummond alikuwa mgonjwa wa akili kwa muda mrefu. Alipelekwa hospitali ya Bellevue, akafia huko mwaka 1969. Napenda tromboni yake kuliko zote, lakini kila ninapomtaja yeye, namtaja na Anita. Watu wengi wanasimulia mkasa ule kama habari ya bendi kupoteza mpigaji. Aliyepoteza uhai ni yule dada.

Mie wa Forodhani

Assalaam aleikum. Nani wangu? Prince Buster, mwimbaji na mtayarishaji wa Jamaika, na wala sifikirii mara mbili.

Mie nilimjua kwa kupitia mwimbaji Shaggy. Mwaka 1993 "Oh Carolina" ilikuwa inapigwa kila pahala, na baba yangu, aliyefanya kazi Uingereza ujanani mwake, akasema wimbo huu si wa mtoto huyu, una miaka zaidi ya thelathini. Akanitafutia ule wa asili, wa Folkes Brothers. Loo! Mle ndani mna ngoma za Marasta wa kundi la Count Ossie, na aliyewashusha kutoka milimani kwao kuja studio ni Prince Buster. Wakati huo Marasta walikuwa wanadharauliwa na kupigwa na polisi, hakuna mwenye studio aliyetaka kuonekana nao. Yeye akaziweka ngoma zao mbele, sauti za waimbaji zikaja juu yazo. Kwa mtu aliyekulia kwenye ngoma na matari kama mie, yale mapigo yanaingia moja kwa moja.

La pili ni la moyoni. Buster alisilimu mwaka 1964 baada ya kukutana na Muhammad Ali, akachukua jina la Muhammed Yusef Ali, na moja ya lebo zake za santuri akaiita Islam. Kumbe yule bwana wa "Al Capone" na "One Step Beyond", suti kali na kofia, ni ndugu yetu. Alifariki Septemba 2016. Allah amrehemu.

Mama Coventry

Jamani hamjambo. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nauguza wazee hapa Coventry, Uingereza. Nimecheka peke yangu jikoni nilipoona mada, maana mimi ska imenikuta nyumbani kwake kwa pili.

Nilipofika huku sikujua lolote. Niliona tu miraba ya rangi nyeusi na nyeupe imechorwa kwenye fulana, kuta, vikombe. Nikamuuliza mgonjwa wangu mmoja, mzee wa Kizungu aliyefanya kazi kiwanda cha magari maisha yake yote. Yule mzee alikuwa haongei, lakini siku hiyo aliongea mpaka chai yake ikapoa. Akanieleza jinsi Jerry Dammers wa bendi ya The Specials alivyoanzisha lebo ya 2 Tone, yenye alama ya miraba hiyo, hapa mwaka 1979, jinsi The Specials walivyosimama jukwaani Weusi na Wazungu pamoja wakati wale wabaguzi wa National Front wanaandamana barabarani. Lynval Golding na Neville Staple wa bendi hiyo walizaliwa Jamaika, wakaja huku watoto. Viwanda vilikuwa vinafungwa, vijana hawana kazi. Mwaka 1981 mwanafunzi mwenye asili ya Asia aliuawa hapa mjini kwa chuki ya rangi, na mwezi Juni The Specials wakapiga onyesho la kupinga ubaguzi. Mwezi uliofuata "Ghost Town" ikawa namba moja Uingereza nzima, huku miji ikiwaka kwa ghasia. Yule mzee alikuwepo kwenye onyesho lile. Alininyoshea mkono wake unaotetemeka akanionyesha jinsi walivyocheza, viwiko vikipishana.

Lakini bendi yangu ni The Selecter, kwa ajili ya Pauline Black. Baba yake Mnaijeria, mama yake Mwingereza wa Kiyahudi, akalelewa na familia ya Kizungu. Bendi nyingi zilikuwa za wanaume watupu, yeye akatoka na suti ya kiume na kofia, akasimama katikati akaimba "On My Radio" kwa sauti ile inayopanda ghafla. Mimi nilikuwa mgeni, mweusi, kwenye mji wa baridi. Kumwona mwanamke yule, na kujua kwamba mji huu ni wake pia, kulinipa mgongo wa kutembea.

Tarumbeta la Marangu

Dada yangu Mama Coventry, nakuongezea moja. Ile tromboni unayoisikia kwenye "Ghost Town" ni ya Rico Rodriguez, naye mtoto wa Alpha, na aliyemfundisha tromboni pale shuleni ni Drummond. Rico alihamia Uingereza mwaka 1961. Mwaka 1967 alipiga kwenye "Rudy, A Message to You" ya Dandy Livingstone, na The Specials walipourudia wimbo huo mwaka 1979 wakamwita yeye yule yule apige tena. Ukisikiliza zote mbili mfululizo unasikia mtu mmoja, pumzi moja, miaka kumi na miwili katikati.

Wa Dandora

Wasee, mimi rege imenilea. Nairobi rege ni ya mtaa, ya matatu, ya kila Jumapili. Nilirudi nyuma tu: kutoka kwa Burning Spear, mwimbaji wa rege, nikafika kwa Wailers wa zamani, nikashtuka, mbona Bob anakimbia hivi? Ndipo nikajua kulikuwa na ska, halafu kufikia 1966 hivi mwendo ukapungua ukawa roksteadi, halafu 1968 rege ikaingia. Sasa napenda kote, lakini asubuhi nikienda job ni waimbaji Desmond Dekker na Derrick Morgan tu. Morgan alikuwa na wimbo wa uhuru, "Forward March", 1962, mwaka Jamaika ilipojitawala. Sisi tulipata wetu 1963. Ukiusikia unaelewa furaha hiyo bila mtu kukueleza.

Hapa Nairobi nikiomba DJ aweke ska ananiangalia tu. Kama kuna mwenye fununu ya pahali wanapiga, aseme.

Mpwa wa Boston

Naona wote mmekaa kwa wazee. Mimi nipo Marekani, na ska yangu ni ya kelele: The Mighty Mighty Bosstones, wana wa Boston. Walichanganya ska na panki, magita yanaunguruma, halafu tarumbeta zinakata. Walikuwa na mwanabendi, Ben Carr, ambaye kazi yake kubwa jukwaani ni kucheza. Anacheza shoo nzima! Walivunja bendi mwaka 2022 na niliumia kweli.

Gita Kavu

Mpwa, karibu, na usiondoke. Msimamo wangu ni huu: ska ya panki naipenda pale ambapo tarumbeta zina la kusema. Bendi nyingi za miaka ya 1990 ziliziweka kama pambo, gita la umeme likafunika kila kitu. Bosstones hawakufanya hivyo, nawapa haki yao. Na kama unataka kuona vyombo vya kupuliza vikipewa ufalme wake leo hii, nenda Japani kwa Tokyo Ska Paradise Orchestra. Suti za kufanana, safu ya wapuliziaji, wanakimbia jukwaani huku wanapuliza na noti haitikisiki.

Wa Dandora, kuhusu historia kuna jambo linaniuma. Mwaka 1964 Jamaika ilipeleka ska kwenye maonyesho ya dunia ya New York ili kuitangaza. Walikwenda Byron Lee na bendi yake, pamoja na Jimmy Cliff, Millie Small na Prince Buster. Skatalites, wenye sauti yenyewe, waliachwa Kingston. Byron Lee alikuwa mpangaji mzuri wa shoo na simchukii, ila dunia ilistahili kumsikia Drummond siku ile.

Tarumbeta, nina mpiga besi na kijana wa drumu ambaye ameshika mapigo ya Knibb vizuri mno. Saksafoni ipo. Tunakosa tromboni. Ukishuka Dar niandikie.

Tarumbeta la Marangu

Nashuka mwezi wa nane, nina harusi ya binamu Kimara. Nitakuja na chombo changu. Mnapiga "Eastern Standard Time" kwa ufunguo gani? Ninyi watu wa gita mnapenda zile za shapu nyingi, na tromboni inapumua kwenye flati.

Gita Kavu

Tutakufuata wewe. Nimeshawaambia, wanaanza kujifunza usiku huu.