Naomba ushauri: theluji yangu ilimfungia jirani njia, na nyingine nzito inatarajiwa kesho usiku

MgeniWaTheluji
Habari za jioni wakuu. Naomba mnisaidie mapema kabla ya kesho.

Huu ni msimu wangu wa pili kuishi penye theluji, na sikuzaliwa nayo. Wiki iliyopita ilianguka kuanzia jioni hadi alfajiri, ikafika chini kidogo ya goti. Nilikuwa na zamu ya saa 12 asubuhi, hivyo niliamka saa 9 usiku, nikashika chepe na kuanza kuchota. Yote niliyoitoa kwenye njia ya gari niliirusha upande wa kulia, kwenye mpaka wetu na jirani, karibu kabisa na barabara, maana ndipo mikono ilipofika. Nikaenda kazini nikidhani nimemaliza.

Niliporudi nilikuta greda limepita, limebeba lile rundo langu na kulisukumia kwenye mdomo wa kijia cha jirani. Jirani mwenyewe ni mama mtu mzima, anaishi peke yake, anatembea kwa fimbo. Siku ile alikuwa na miadi ya daktari. Hakutoka. Hakunifokea wala hakuja kugonga mlango, ni binti yake aliyekuja mchana kumchimbia njia ndiye aliyeniambia. Yule mama alikuwa na kawaida ya kunipungia mkono kutoka dirishani kila ninapotoka. Siku hizi pazia limefungwa.

Linaniuma sana. Nataka kujua theluji niiweke wapi isimfikie mtu. Pia nimepata mashine ya kurusha theluji ya kuazima: je, ni sawa kuiwasha usiku wa manane kwa sababu ya zamu yangu? Na huyu mama nimwendeeje?

ChepeMbili
Pole mkuu. Kosa lako ni la watu wengi na linarekebishika. Ngoja nikueleze greda linavyofanya kazi, kwa sababu ukilielewa hilo nusu ya tatizo imekwisha.

Blade la greda limekaa mshazari. Linasukuma theluji kuelekea ukingo wa barabara na kuikokota mbele kadiri linavyokwenda. Likifika penye uwazi, yaani mdomo wa njia yako, mzigo unamwagikia hapo na kuacha tuta. Dereva hakukusudii mabaya, hana namna ya kuinua blade kila nyumba. Sasa simama kwako ukitazama barabara. Kama uko nchi ambako magari hupita kulia, greda linakuja kutoka kushoto kwako kwenda kulia. Kwa hiyo theluji ikirundikwa kushoto ukingoni, itarudi kwako mwenyewe. Ikirundikwa kulia ukingoni, kama ulivyofanya, inakwenda kwa jirani. Kwenye nchi za kupita kushoto, geuza maelezo.

Dawa yake ni hii. Upande ule greda linakotokea, chimba mfuko: safisha ukingo wa barabara mita 3 au 4 kabla ya mdomo wako, upana wa kama mita moja na nusu kuingia ndani. Greda litamwaga sehemu kubwa ya mzigo wake kwenye mfuko huo kabla halijakufikia. Theluji unayoitoa iingize ndani uwanjani, mbali na ukingo. Ikiwa mita 2 au zaidi kutoka barabarani blade haliigusi. Na ukishachimba wa kwako, chimba na wa yule mama. Ni dakika 15 tu.

Jambo jingine: usiisukume kamwe barabarani wala ng'ambo ya barabara. Miji mingi imelikataza jambo hilo kisheria, na donge likiganda usiku gari linateleza.

MgeniWaTheluji
Asante sana ChepeMbili, sikuwahi kufikiria kuhusu upande greda linakotokea. Swali: kuiingiza yote ndani uwanjani si ndiyo kuibeba mbali? Juzi tu nilibaki na maumivu ya kiuno siku tatu.

ChepeMbili
Ndiyo maana hutakiwi kusubiri ifike magotini. Piga hesabu. Njia ya gari ya mita 6 kwa 3 ni mita za mraba 18. Theluji ya sentimita 30 juu yake ni mita za ujazo 5.4. Ikiwa nyepesi na kavu, yenye kilo 100 kwa kila mita ya ujazo, umebeba kilo 540. Ikiwa imelowa inafika kilo 300 kwa mita ya ujazo bila shida, hapo ni zaidi ya tani moja na nusu. Chepe ni lile lile, ila kiuno ndicho kinacholipa tofauti.

Toka kila inapofika sentimita 8 au 10. Ukiamka mara mbili usiku, kila safari unasukuma tu, huinui. Anza na sehemu ya mbali, maliza na ya karibu. Paka uso wa chepe nta ya mshumaa ili theluji isigande juu yake, utaona linavyoteleza.

Nesi_wa_Zamu
Kaka, kabla hatujafika kwa jirani, naomba nikuzungumzie wewe. Umesema uliamka saa 9 usiku, ukachota hadi ukamaliza, kisha ukaenda zamu. Tafadhali usirudie hivyo.

Baridi hubana mishipa ya damu na kupandisha shinikizo. Kunyanyua kwa mikono huku umesimama kunauongezea moyo mzigo ghafla, na watu wengi hubana pumzi wanapoinua chepe, jambo linalozidisha shinikizo. Mambo hayo matatu yakikutana kwa mtu asiyezoea kazi nzito, mshtuko wa moyo si jambo la ajabu. Kila msimu tunapokea wagonjwa wa namna hiyo, na wengi wao ni watu waliosema "nimalizie hapa tu".

Pasha mwili moto ndani kwa dakika chache kwanza. Jaza chepe nusu. Sukuma badala ya kuinua, na ikibidi kuinua, kunja magoti na ugeuze mwili mzima kwa miguu, usikizungushe kiuno. Usirushe juu ya bega. Vaa nguo za tabaka, uvue moja ukianza kutoka jasho, kwa sababu jasho likipoa ndani ya nguo unapata baridi kali kuliko mwanzo. Ukisikia kubanwa kifua, maumivu yanayopanda taya au kushuka mkono, kizunguzungu, au pumzi inayokata bila sababu, acha chepe lilipo na upige simu ya dharura. Usisubiri uone kama yatapita.

Na huyo mama wa fimbo asishike chepe kabisa, hata kama atakuambia anaweza.

Kila_Mtu_na_Lake
Mimi naona unajitesa bure. Theluji imetoka mbinguni, greda ni la serikali. Wewe umesafisha kwako, basi. Huyo binti yake yuko wapi siku zote?

MamaPacha
Ndugu yangu Kila_Mtu_na_Lake, nakuheshimu lakini hapa sikubaliani nawe. Theluji iliyoanguka kwa yule mama ni ya mbinguni kweli. Ile iliyomfungia njia iliwekwa na mtu kwa chepe, ndiyo tofauti. Na binti alikuja, tumeambiwa.

Nasema hivi kwa sababu nilisukuma gari la watoto wawili msimu mzima uliopita. Kuna nyumba ambazo mwenyewe amesafisha njia ya gari ikang'aa, halafu njia ya waenda kwa miguu mbele yake ameacha kama alivyoikuta, au ameikata nyembamba kiasi cha mtu mmoja kupita kwa ubavu. Nilikuwa nashuka barabarani na watoto, magari yanateleza pembeni yangu. Mtu wa kiti cha magurudumu hata kushuka hawezi, anarudi nyumbani. Acha upana wa mita moja na ushee, na pale kona penye mteremko wa kuvukia pafunguliwe hadi barabarani, kwa sababu ndipo greda linapoacha tuta na kila mtu anadhani ni kazi ya mwingine. Kama kuna bomba la zimamoto karibu yako, lichimbie pande zote. Mtaro wa maji nao uuache wazi, theluji ikianza kuyeyuka maji yapate pa kwenda.

Rundo nalo lisiwe refu mdomoni mwa njia. Dereva anayerudi kinyumenyume haoni mtoto anayepita nyuma ya ukuta wa theluji.

FundiMashine
Kuhusu mashine. Usiku wa manane hapana, mkuu. Sauti ya injini ile inapenya madirisha yaliyofungwa. Miji mingine ina saa maalumu za kelele, mingine inalegeza sheria wakati wa dhoruba, uliza ya kwenu. Hata pakiwa hapakatazwi, saa 9 usiku tumia chepe la kusukuma na mashine uiache hadi watu waamke. Kama zamu haikuruhusu, fungua upana wa gari tu kwa chepe, mengine umalizie ukirudi.

Unapoiwasha, angalia bomba la kurushia linaelekea wapi kila unapogeuka. Mashine inarusha mita nyingi, na ndani ya theluji kuna kokoto na vipande vya barafu. Usilielekeze kwenye gari, dirisha au ua wa mtu.

Nakuomba kwa dhati pia: theluji iliyolowa itaziba bomba. Usitie mkono. Zima injini, subiri visu visimame, kisha zibua kwa kijiti au kifaa kilichokuja nayo. Hata injini ikiwa imezimwa, visu huwa vimebaki na mkazo na vinaweza kujizungusha mara moja kizibo kinapotoka. Mara hiyo moja inatosha kuondoa vidole. Mwenzangu kazini aliumia hivyo.

Usiiwashe ndani ya gereji hata mlango ukiwa wazi. Na kama gari lako limefukiwa, chimba ekzosi kwanza kabla ya kuwasha injini. Ikiwa imezibwa, kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyo ndani ya moshi, inaingia ndani ya gari, haina harufu, na mtu analala tu. Vivyo hivyo na matundu ya moshi ya mtambo wa kupasha nyumba joto yanayotokea ukutani. Ukienda kwa yule mama, zunguka uangalie la kwake liko wazi, mtu wa fimbo hawezi kuzunguka nyumba kwenye theluji ya goti.

Nesi_wa_Zamu
Hilo la tundu la moshi naliunga mkono kwa mikono miwili. Lifanye kabla hata ya njia.

ChepeMbili
Naongeza kuhusu maji. Zile kilo 540 zikiyeyuka ni lita 540. Kwa hiyo usirundike kwenye ukuta wa nyumba yako wala wa jirani, maji yataingia kwenye msingi. Tazama ardhi inainamia wapi.

Mengine yote tumeshayasema. Nenda ukaongee naye leo, usingoje kesho. Muulize mwenyewe anataka iwekwe wapi.

MgeniWaTheluji
Nimewaelewa wote, nanyanyuka sasa hivi. Nitaleta mrejesho.

MgeniWaTheluji (siku tatu baadaye)
Wakuu, mrejesho.

Jioni ile nilikwenda kugonga. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nikasema machache tu: kwamba ile theluji ilikuwa yangu, kwamba sikujua greda lingeifanya vile, na samahani kwa ile miadi. Alinyamaza kidogo kisha akaniambia miadi ilishapangwa upya, kilichomuumiza ni kukaa dirishani asubuhi nzima akiniona nimesafisha kwangu na kuondoka bila kugeuza shingo. Sikuwa na jibu la hilo, na hata sasa sina.

Nikamuuliza iwekwe wapi. Jibu lake sikulitarajia. Alisema nyuma ya uzio wake kuna bonde dogo linaloteremkia mtaroni, hapamei kitu, na miaka yote mume wake alipokuwa hai walikuwa wanamwaga theluji za nyumba zote mbili pale. Yaani mahali nilipokuwa napatafuta palikuwa kwake tangu mwanzo.

Usiku wa theluji nilitoka saa 4 na tena saa 10, nikisukuma tu. Kiuno kizima. Mfuko wa greda nilichimba kwangu na kwake, na tuta lililobaki mdomoni halikufika hata nusu ya lile la wiki iliyopita. Tundu lake la moshi nililikuta limefunikwa hadi juu, nikalifungua kwanza. Mashine niliiwasha saa 2 asubuhi siku ya mapumziko yangu.

Limebaki moja. Kwenye ngazi zake pameganda barafu nyembamba, nilitaka kumwaga chumvi lakini ana mbwa mdogo na maua pembeni. Nifanyeje?

MamaPacha
Mwanangu, umenifurahisha sana. Chumvi inachoma nyayo za mbwa na inaua mizizi ya maua, na baridi ikishuka chini ya nyuzi 9 hasi inakuwa haiyeyushi kitu cha maana. Mwagia mchanga mkavu wenye punje kubwa. Hauyeyushi barafu, lakini fimbo yake itashika. Mwachie ndoo moja ndani ya mlango, mahali pasipoganda, na kopo la kuchotea.

MgeniWaTheluji
Ndoo ninayo. Napeleka sasa hivi kabla hajamtoa mbwa.