Noti 87 ndani ya mto wa Nyanya

Kikundi: UKOO WA NYANYA, KILIFI
Jumamosi, baada ya Isha

Mama Mkubwa Rukia: Asalam aleikum nyote. Leo tumefungua sanduku la marehemu kugawa leso zake kama tulivyokubaliana siku ya arubaini. Chini kabisa palikuwa na ule mto wake wa sufi. Ubavuni umeshonwa kwa uzi mweusi, si mshono wa fundi. Nimefumua. Ndani mna pesa.

Mama Mkubwa Rukia: (picha)

Hamisi: Waaleikum salaam Mama Mkubwa. Subhanallah. Ngapi?

Mama Mkubwa Rukia: Nimehesabu mara tatu, jirani yuko hapa ni shahidi. Za elfu 87. Za mia tano 22. Na kikaratasi cha herufi za Kiarabu, mkono wake mwenyewe: "Za mabati ya chuo."

Salma: Ya Rabbi. Paa la chuo cha Kurani. Kila masika alikuwa akisema watoto wanasoma wamekumbatia juzuu zao zisilowe.

Hamisi: Mama Mkubwa, samahani. Hizo za elfu ni zile zenye picha ya Mzee Kenyatta?

Mama Mkubwa Rukia: Zote zina Mzee.

Hamisi: Basi hizo si pesa tena. Tangu 2019.

Mama Mkubwa Rukia: Si pesa vipi? Ni safi, hata kukunjika hazijakunjika.

Mjomba Athmani: Dada Rukia, Hamisi asema kweli. Tarehe 1 Juni 2019, siku ya Madaraka, sherehe zilifanywa Narok. Gavana wa Benki Kuu wakati ule, Patrick Njoroge, alitangaza noti mpya na akasema ile ya elfu ya zamani mwisho wake ni tarehe 30 Septemba. Za 50, 100, 200 na 500 hazikuguswa. Hizo 22 za mia tano peleka dukani hata kesho, ni elfu kumi na moja halali. Hizo 87 hazina kazi.

Mama Mkubwa Rukia: Mto mmoja, uzi mmoja, mkono mmoja uliotia. Hizi ni pesa na hizi ni karatasi?

Mjomba Athmani: Ndivyo sheria ilivyo.

Salma: Elfu themanini na saba. Aliuza mikeka miaka mingapi kupata hizo?

Mwanaidi: Baba, naomba niseme. Serikali ilisema yaondoa ile noti ili kukamata pesa chafu. Haya, hizi zetu ni pesa za mikeka. Pesa chafu iko wapi?

Mjomba Athmani: Mwanangu, mimi nilikuwa karani dirishani benki. Miezi ile minne nilihesabu noti mpaka vidole vikapasuka. Usinieleze kwamba haikukamata kitu. Kwanza, noti bandia. Ile ya elfu ilikuwa ikighushiwa mpaka sisi wenyewe tunaishika mara mbili kabla ya kuipokea. Pili, mwenye magunia ya pesa nyumbani alilazimika kutoka nayo. Chini ya milioni moja hukusumbuliwa sana. Zaidi ya milioni tano, ilibidi upate idhini ya Benki Kuu. Mtu ambaye hawezi kueleza alikozipata, ataenda wapi?

Hamisi: Mjomba, ataenda sokoni Kongowea. Nakuambia nilichokiona dukani kwangu. Agosti na Septemba ya mwaka ule waliingia wanunuzi ambao sijawahi kuwaona. Magunia ya mchele, ya sukari, bila kuuliza bei mara mbili, bila kuomba wapunguziwe. Wote walilipa noti za toleo la zamani, mpya mpya kutoka kwenye bahasha. Mimi nikawa ndiye ninayepanga foleni benki kwa niaba yao bila kujua.

Mjomba Athmani: Najua. Kuna kijana wa bodaboda alikuja kwangu na laki tisa, wiki moja akarudi mara nne. Kila mara laki tisa. Nilijaza fomu. Na si mimi peke yangu, Benki Kuu ilitangaza baadaye kwamba miamala 3,172 ilitiliwa shaka.

Mwanaidi: Na huyo kijana alikuwa mwenye pesa?

Mjomba Athmani: Hapana. Alikuwa ametumwa.

Mwanaidi: Ndiyo ninayosema. Mwenyewe yuko kwake ametulia. Tena huyo mkubwa hasa hana hata haja ya kutuma mtu, kwa sababu wizi wake hauko kwenye noti. Uko kwenye ardhi, kwenye maghorofa yaliyoandikwa jina la shemejiye, kwenye akaunti za nje. Ukibadilisha rangi ya karatasi, ghorofa haiondoki.

Shemeji Zuberi: Asalam aleikum. Niruhusuni niseme nililoliona, maana jambo hili limenipata mara mbili katika maisha. Novemba 2016 nilikuwa India, Chennai, nimempeleka mzee wangu kufanyiwa upasuaji wa moyo. Tulikuwa tumebadilisha dola siku mbili kabla, tukapewa rupia za elfu moja moja na za mia tano. Jumanne tarehe 8 saa mbili usiku Waziri Mkuu Modi akatokea kwenye televisheni: ikifika saa sita usiku noti za 500 na 1,000 si pesa. Saa nne tu! Na hizo mbili ndizo zilikuwa asilimia 86 ya thamani ya pesa zote mikononi mwa watu.

Shemeji Zuberi: Asubuhi hospitali za serikali ziliruhusiwa kuzipokea. Yetu ilikuwa ya binafsi, ikakataa. Duka la dawa likakataa. Nilisimama kwenye foleni na pasipoti mkononi kutoka alfajiri, nikafika dirishani alasiri, mwisho walitoa rupia 4,000 kwa mtu. Mbele yangu palikuwa na mama mmoja mkongwe, amefunga noti zake kwenye pindo la sari kama vile nyanya zetu wanavyofunga kwenye pindo la leso. Alikuwa akilia, akinionyesha. Lugha sikuijua lakini nilimwelewa.

Salma: Sikuwahi kuisikia hii habari, Shemeji.

Shemeji Zuberi: Sipendi kuisimulia. Mzee alipona, alhamdulillahi.

Mwanaidi: Na mwisho wake, Shemeji, ni kwamba karibu zote zilirudi benki. Ripoti ya Benki Kuu yao ya 2018 ilisema asilimia 99.3 ya noti zile zilirejeshwa. Serikali ilitarajia pesa chafu zitafia majumbani. Hazikufa, zilipata njia. Tena papo hapo wakatoa noti ya rupia 2,000, kubwa kuliko waliyoiua, na mwaka 2023 wakaanza kuiondoa hiyo nayo.

Mjomba Athmani: Ya India ilikuwa ya pupa, hata mimi sikuisifu. Ndiyo maana sisi tulipewa miezi minne na tangazo kwenye redio kila siku. Huwezi kulinganisha saa nne na miezi minne. Na sisi hazikurudi zote. Zilikuwa noti milioni 217 na kidogo nje. Noti 7,386,000 hazikurudi. Hiyo ni shilingi bilioni saba na zaidi. Za nani hizo? Ni za watu walioogopa kuulizwa.

Mwanaidi: Baba.

Mjomba Athmani: Naam.

Mwanaidi: Noti 87 katika hizo ziko mbele ya Shangazi sasa hivi, mezani.

Hamisi: ...

Salma: Ni kweli. Tukisoma ile hesabu ya bilioni saba, Nyanya yumo. Amehesabiwa pamoja na wezi.

Mjomba Athmani: Sikumaanisha mama. Msinitie maneno mdomoni. Nasema kwa jumla.

Mwanaidi: Najua hukumaanisha, Baba. Lakini hiyo jumla imefanywa na watu kama yeye, na sisi hatujui ni wangapi. Mtu aliyekuwa mgonjwa, aliyekuwa jela, mchungaji aliyekuwa mbali na ngamia wake, aliyekufa Julai na hakumwambia mtu alipoficha. Mimi sipingi noti kuondolewa sokoni. Iondoke. Napinga kufungwa mlango moja kwa moja. Benki Kuu ya Ulaya nayo iliamua mwaka 2016 kuacha kutoa noti ya yuro 500, sababu ni hiyo hiyo, pesa chafu. Lakini mwenye nayo bado anaweza kuibadilisha, hakuna tarehe ya mwisho. Benki Kuu ya Uingereza hubadilisha noti zake za zamani hata ziwe na umri gani. Nigeria walikaza mwaka 2023, watu wakakosa hata pesa ya kununua chakula, mpaka Mahakama ya Juu ikaamuru za zamani ziendelee kutumika.

Mjomba Athmani: Ukiacha mlango wazi, mwizi hana haraka. Atangoja kelele zitulie, alete kidogo kidogo. Tarehe ya mwisho ndiyo iliyowatoa nje.

Mwanaidi: Weka kiwango basi. Mtu na kitambulisho chake, mara moja, mwisho laki moja, Benki Kuu peke yake. Mwenye mabilioni ataleta vipi kwa laki laki?

Mjomba Athmani: Yule kijana wa bodaboda naye alikuwa na kitambulisho, Mwanaidi. Ukiwa na vijana mia una milioni kumi. Mambo haya yana pande ambazo ukiwa darasani huzioni.

Hamisi: Hapo Mjomba ana haki. Vijana wa kutumwa hawakosekani.

Salma: Lakini walitumwa hata mlango ulipokuwa ukifungwa. Tofauti ni kwamba Nyanya hakuwa na wa kumtuma.

Mjomba Athmani: Mama alikuwa na sisi! Alikuwa na redio yake, haikuzimwa asubuhi wala jioni. Alijua tarehe. Na kila mtu anajua nilikuwa benki. Angeniambia neno moja tu. Miezi minne! Kwa nini hakusema? Hili ndilo linaloniuma, si sheria.

(dakika kumi hivi hakuna aliyeandika)

Mama Mkubwa Rukia: Athmani, mama alipatwa na kiharusi Agosti ya mwaka ule.

Mjomba Athmani: Nakumbuka dada. Lakini tangazo lilikuwa Juni.

Mama Mkubwa Rukia: Ngoja niandike, msinikatize, macho yangu si mazuri. Mwezi wa saba aliniuliza, Rukia, hizi noti mwisho lini? Nikamwambia bado mama, Septemba. Akasema vyema. Kisha akaniuliza, Athmani aja lini? Nikamwambia Idi ya kuchinja. Akasema vyema, tutamngoja. Nilidhani ni hamu ya mtoto wake. Sikujua ana pesa. Aliniuliza hivyo siku tatu mbalimbali, Athmani aja lini.

Mama Mkubwa Rukia: Idi ile hukuja. Ulipiga simu ukasema foleni benki ni kubwa, mmenyimwa likizo. Sikulaumu, kazi ni kazi. Juma moja baadaye akaanguka msalani. Mkono wa kulia ukafa na ulimi ukafa.

Mama Mkubwa Rukia: Baada ya hapo kila asubuhi alinyoosha mkono wa kushoto kwenye sanduku. Tukafungua, tukamtolea leso. Akakataa. Tukamtolea Msahafu, akaubusu akaurudisha. Tukamtolea ule mto tukamwekea kichwani. Akaugonga kwa mkono. Akaugonga tena na tena. Mimi nikasema mto mgumu huu wamuumiza, nikautoa nikaurudisha sandukuni, nikamnunulia wa sponji. Akalia siku nzima. Ikaja Oktoba, akaacha kunyoosha mkono.

Salma: Mama Mkubwa 😢

Hamisi: La ilaha illa Llah.

Shemeji Zuberi: Mungu amlaze pema. Usijilaumu, Mama Mkubwa. Nani angejua.

Mama Mkubwa Rukia: Alijua yeye. Alisikia redio mpaka siku ya mwisho, ikitaja tarehe.

Mwanaidi: Baba, upo?

Salma: Mjomba ameona jumbe. Mwacheni kwanza.

Hamisi: Wakati tunamngoja: mabati ya chuo yatatengenezwa. Kuna elfu kumi na moja za Nyanya mwenyewe ambazo ni halali, hizo ziwe za mwanzo, msizichanganye na zetu. Zilizobaki tuchangie. Natuma kwa Mama Mkubwa sasa hivi.

Shemeji Zuberi: Nami.

Salma: Nami, mshahara ukiingia. Hamisi, uliza bei ya mabati ya geji thelathini, usituletee yale ya kupinda na upepo.

Hamisi: Nitauliza kesho.

Jumapili, alfajiri

Mjomba Athmani: Asalam aleikum. Dada Rukia, nipigie picha namba za noti zote 87, moja moja, zionekane. Na kile kikaratasi. Na ile kadi ya hospitali yenye tarehe aliyolazwa. Kesho nakwenda Benki Kuu, tawi la Mombasa.

Mama Mkubwa Rukia: Waaleikum salaam. Nitapiga kukipambazuka.

Hamisi: Mjomba, si wewe uliyesema hawapokei?

Mjomba Athmani: Hawapokei.

Mjomba Athmani: Nitakwenda.

Mwanaidi: Tutakwenda pamoja, Baba. Nitakusubiri stendi.

Mama Mkubwa Rukia: Athmani, picha hazitoshi. Njoo uzichukue wewe mwenyewe. Nimezirudisha ndani ya mto kama alivyozitia, sijashona.