Altaneta kwenye gari la kujitengenezea: mliifunga wapi na imekaaje? Tupeane uzoefu

MkataBomba (Morogoro)
Wakuu, salaam. Natengeneza kigari cha shamba: chesisi ya mabomba, injini ya Toyota 5A iliyotoka kwenye gari la kuvuta kwa mbele. Kule ilikaa kwa mapana, mimi nimeigeuza ikae kwa urefu ili ivute kwa nyuma. Sasa altaneta (ile mashine ya kuchaji betri, inayozungushwa na mkanda wa injini), mahali pake pa asili, inagonga bomba la chesisi. Walioshapita njia hii waseme: uliiweka wapi, ukaishikiza na nini, na mkanda unatulia?

Mzee wa Lendi (Mombasa)
Mwanangu, mimi niliifufua Land Rover Series kuanzia chesisi tupu. Zile zilikuja na dinamo, mashine ya kuchaji ya kizamani, ndefu na nyembamba. Altaneta ni fupi na nene, kwa hiyo sikio lake la nyuma halikufika kwenye braketi ya dinamo. Nilichongesha bushi ya chuma kwa fundi wa lezi, ikajaza pengo lote bila kucheza. Wapo wanaokaza bolti mpaka sikio livutike lifike. Masikio yale ni ya aluminiamu, yatakatika tu, tena njiani.

Na kwa mwenye Lendi ya miaka ya 60: tazama betri kabla hujagusa waya. Nyingi za zamani chanya ndiyo ilikuwa kwenye bodi. Altaneta za kawaida zinataka hasi kwenye bodi. Ukiunga kinyume, diodi zake, zile zinazopitisha umeme upande mmoja tu, zinaungua papo hapo.

Mbao_na_Chuma (Coventry, Uingereza)
Shikamoo mzee. Kaka MkataBomba, tatizo lako nalijua vizuri. Nina kigari cha viti viwili cha mtindo wa Lotus Seven, na pua yake ni nyembamba mno. Aliyeuanza mradi kabla yangu alikuwa ameifunga altaneta kwenye chesisi kwa sababu nafasi ilikuwa huko. Injini hukaa juu ya raba, ukikanyaga mafuta inajipinda; chesisi haijipindi nayo. Mkanda ukawa unakaza na kulegea muda wote, unalia, unakula puli (magurudumu ya mkanda). Altaneta ifungwe kwenye injini yenyewe, basi! Hapo sina mjadala.

Nilikata braketi kwenye plati ya milimita 8, nikaishika kwa bolti tatu kwenye matundu yaliyokuwepo tayari kwenye bloku, na nikachomelea mbavu ya pembetatu kwa nyuma. Plati nyembamba inatetemeka, na mtetemo ndio unaopasua weldi. Altaneta nilichukua ndogo ya Denso, aina inayofungwa kwenye trekta dogo. Ampea 40 zinatosha kigari kisicho na AC. Mkono wa kukazia ni fimbo yenye uzi wa kulia upande mmoja na wa kushoto upande wa pili: unaizungusha, mkanda unakaza wenyewe bila kuchokonoa na mtaimbo.

Hesabu na puli pia. Ya kranki (shafti kuu ya injini) ikiwa milimita 130 na ya altaneta 60, injini ikifika mizunguko 7,000 altaneta iko zaidi ya 15,000. Na mkanda uikumbatie puli ndogo walau theluthi ya mzunguko wake, la sivyo utateleza ukiwasha taa.

DadaUmeme (Mwanza)
Kaka zangu mmemaliza chuma, niongeze waya. Waya mkubwa wa altaneta uende betri ukiwa mnene na mfupi, na fyuzi yake ikae karibu na betri. Chesisi ya mabomba iliyopakwa rangi haipitishi umeme vizuri, hivyo weka waya wa ethi kutoka injini moja kwa moja hadi hasi ya betri. Taa ya chaji usiiache: altaneta nyingi zinaamshwa kupitia balbu ile, na bila hiyo zinakaa kimya hata ukipiga resi.

Ukimaliza, pima injini ikiwa inaunguruma: volti 13.8 hadi 14.4 kwenye betri. Kisha washa taa zote, weka mita kati ya chanya ya altaneta na chanya ya betri. Ikisoma nusu volti au zaidi, kuna kiungo kibovu. Na tafadhali, ile tabia ya kuchomoa betri injini ikiwa hai ili “kujaribu chaji” iacheni. Volti zinaruka na kuua regyuleta, kile kidhibiti cha volti.

Mpunga (Ifakara)
Huku kwetu tope. Yangu iko juu upande wa eksozi, na katikati kuna kipande cha bati kuzuia joto. Niliyoikuta chini ilikuwa imekufa beringi kwa maji ya jaruba.

MkataBomba
Asanteni sana. Basi naipandisha juu, upande usio na eksozi, kwenye bloku. Swali: puli mnazinyoosha vipi?

Mzee wa Lendi
Rula ndefu ya chuma kwenye uso wa puli ya kranki, iguse na ya altaneta, ila kwanza pima kama mifereji yote miwili iko umbali sawa kutoka ukingoni. Kata braketi ya kadibodi kabla ya plati. Washa (visahani vya bolti) za kusawazisha ziende nyuma ya sikio, kamwe zisiwe nyuma ya puli. Mkanda ukiuminya kwa dole gumba katikati ya sehemu ndefu, ubonyee kama sentimita moja. Ukazie tena baada ya siku chache, mkanda mpya hunyooka.