Saratani kwa watengenezaji wa viuagugu: mbona tafiti zinapingana?

Mjumbe_Usalama
Habari wakuu. Kamati yetu ya afya na usalama inaandaa somo kwa wafanyakazi wa kiwanda kinachochanganya na kufungasha viuagugu: glaifoseti, 2,4-D na atrazini. Malighafi inaletwa tayari kutoka nje, hapa ni kuchanganya na kujaza tu. Utafiti mmoja unasema kansa imezidi kwa watengenezaji wa dawa hizi, mwingine unasema hamna kitu. Zinapingana kweli, au tunazisoma vibaya? Na kwa kiwanda cha aina hii macho yaelekezwe wapi?

Kemia_Pwani
Mkuu, anza kwa kuuliza ni dawa gani na hatua gani ya utengenezaji. Tafiti nyingi za kutisha zinahusu 2,4,5-T, kiuagugu cha zamani. Kuipata, tetraklorobenzini ilipikwa na kostiki soda ikawa triklorofenoli, kisha ikaunganishwa na asidi ya kloroasetiki. Kwenye hatua hiyo ya kwanza, joto likipanda kupita kiasi, molekuli mbili za triklorofenoli hushikana na kuzaa sumu ya jamii ya dioksini iitwayo TCDD. Hakuna anayeihitaji, lakini hubaki ndani ya bidhaa, kwenye mashapo ya tangi na kwenye nguo za fundi. Mitambo ya triklorofenoli iliyoshindwa kudhibitiwa ndiyo iliyowamwagia wafanyakazi huko Nitro, West Virginia, mwaka 1949, na Ludwigshafen, Ujerumani, mwaka 1953. Dalili inayojulikana ni chunusi nyeusi sugu kwenye mashavu na nyuma ya masikio. Mwili huchukua takriban miaka 7 hadi 8 kupunguza nusu tu ya TCDD iliyoingia.

IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, liliiweka TCDD kundi la 1 (husababisha saratani kwa binadamu) mwaka 1997. 2,4-D inatokana na diklorofenoli, kwa hiyo usiibebeshe mzigo wote wa 2,4,5-T. Mwaka 2015 iliwekwa kundi la 2B (huenda ikasababisha), na glaifoseti 2A (yaelekea husababisha). Waelezeni watu kwamba makundi hayo yanapima uzito wa ushahidi, si ukubwa wa hatari.

Takwimu_za_Afya
Naongezea kwenye kusoma namba. Chukua utafiti mkubwa wa Marekani wa 1991: wanaume 5,172 kutoka viwanda 12 vilivyozalisha kemikali zenye TCDD. Ukiwahesabu wote, vifo vya saratani vilikuwa 115 kwa kila 100 vilivyotarajiwa. Ukibaki na wale 1,520 waliokaa na kemikali hizo mwaka mmoja au zaidi, na miaka 20 imepita tangu waanze, inakuwa 146. Wafanyakazi ni walewale, kilichobadilika ni anayehesabiwa. Ukichanganya kibarua wa miezi mitatu na mtu aliyesafisha matangi miaka kumi, huyu wa pili anapotelea kwenye wastani. Tena anayeajiriwa kiwandani kwa kawaida ana afya kuliko raia wa kawaida, kwa hiyo kumlinganisha na taifa zima huficha madhara. Linganisheni waliopata kingi na waliopata kidogo ndani ya kiwanda kilekile.

Kwenye kundi hilo la 1,520, saratani ya tishu laini ilikuwa mara 9 ya iliyotarajiwa. Namba inatisha, ila ni vifo 3. Msiiweke kwenye bango.

Mfano wa upande wa pili ni kiwanda cha atrazini cha St. Gabriel, Louisiana. Matokeo ya 2002 yalionyesha wagonjwa 11 wa saratani ya tezi dume pale walipotarajiwa 6.3. Lakini ziada ilijikusanya kwa waajiriwa waliokuwa bado kazini, ambao kiwanda kilikuwa kikiwapima PSA (kipimo cha damu cha kutafuta saratani hiyo) kwa bidii. Ukipima sana utaona mengi, hasa ya hatua za mwanzo. Hilo haliisafishi atrazini. Linasema tu kwamba hesabu ile haitoshi kuitia hatiani.

Mpima_Vumbi
Kemia kasema kweli, ila bidhaa nyingine zina mkosaji wao. Taiwan, miaka ya 1980, watengenezaji wa parakwati, kiuagugu kingine, walipata vidonda vya ngozi vinavyotangulia saratani, na vilihusishwa na bipiridini, kemikali ya kati katika kuitengeneza, ikishirikiana na jua.

Kwenu mnachanganya na kujaza tu, kwa hiyo TCDD si habari ya kila siku. Angalieni haya. Atrazini ya unga: vumbi hutoka gunia linapopasuliwa, na zaidi gunia tupu linapokunjwa, jambo ambalo wengi hawalioni. Kinywa cha feni ya kufyonza kikikaa mbali na gunia umbali sawa na kipenyo chake, nguvu inabaki kama asilimia 10 tu. Kisogezeni, kisha pulizeni moshi kidogo muone unakoelekea. Marufuku kupuliza ovaroli kwa kompresa, na nguo zifuliwe kiwandani.

2,4-D na glaifoseti za maji huingia zaidi kupitia ngozi, kwa hiyo kipimo cha hewa kikiwa safi msishangilie. Kagueni glovu kwa ndani. Anayebadilisha kichujio au gasketi ya pampu hupata zaidi ya anayejaza chupa, na mara nyingi ni kibarua asiye kwenye orodha.

Kwa glaifoseti ombeni cheti cha uchambuzi cha kila shehena: kuna uchafu unaobaki ndani yake, na viwango vya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, vinataka nitrosoglaifoseti isizidi miligramu 1 kwa kilo, na fomaldehaidi isizidi gramu 1.3 kwa kilo ya glaifoseti.

Mjumbe_Usalama
Asanteni sana. Menejimenti inataka kupima damu za wote kila mwaka kutafuta dioksini. Ina maana?

Mpima_Vumbi
Hapana, ni ghali na haijibu swali lenu. Fedha hiyo nunueni pampu za kuvaa za kupima vumbi, lita 2 kwa dakika, zamu nzima. Atrazini na 2,4-D zinaonekana kwenye mkojo kwa siku chache tu, basi chukueni sampuli mwisho wa zamu.

Takwimu_za_Afya
Na tunzeni daftari: nani, kituo gani, bidhaa gani, kuanzia lini hadi lini, vibarua wakiwemo. Marekani rekodi za vipimo vya kazini hutunzwa miaka 30. Jina la cheo pekee halifai. "Opereta" anaweza kuwa wa kujaza au wa kusafisha tangi.