Naomba ushauri: Great Ocean Road kwa siku moja na mama, basi la watalii au gari la kukodi?

Mpole_Safarini:
Wakuu, habari za jioni. Mwezi wa saba nitakuwa Melbourne, Australia, kumwona dada yangu aliyejifungua, na ninaongozana na mama. Ana miaka 64, goti la kulia linamsumbua, na barabara ya kona kona huwa inamchafua moyo. Safari yetu ya mwisho ya milimani tulisimama mara nne, ya nne mpaka abiria wengine wakaanza kumpa pole.

Sasa mama kaona picha ya ile minara ya mawe iliyosimama baharini, Twelve Apostles (yaani Mitume 12), kwenye barabara ya pwani ya Great Ocean Road, na tangu siku hiyo hakuna amani. Muda tulionao ni siku moja tu. Matangazo ya ziara yanasema kuondoka saa moja na nusu asubuhi, kurudi saa mbili usiku. Saa 12 na zaidi, nyingi zikiwa ndani ya basi! Nimefikiria kukodi gari, leseni ninayo, na kuendesha upande wa kushoto nimezoea. Waliowahi kwenda, nisaidieni. Mzee wa goti ataweza?

KobeMzee:
Mkuu, usiendeshe. Barabara yenyewe ina kama kilomita 243, kutoka Torquay mpaka karibu na Warrnambool, na bado hujahesabu kutoka Melbourne na kurudi. Kwa siku moja utaendesha zaidi ya kilomita 500. Mimi niliendesha. Wenzangu waliona bahari, mimi niliona mstari mweupe wa katikati ya lami.

dada_wa_pwani:
Nakubaliana na Kobe, ila "basi la watalii" si kitu kimoja. Mimi nilipanda basi kubwa la kampuni ambayo sitaitaja. Chakula cha mchana na duka la zawadi tukapewa karibu saa nzima, kwenye Apostles tukapewa dakika 25. Kwa mtu mwenye goti hizo ni dakika za kwenda, kupiga picha moja na kugeuka. Kabla hujalipa uliza swali moja tu: tunakaa dakika ngapi kila kituo? Wakikujibu "inategemea", tafuta wengine. Gari dogo la watu kama 12 ni bora, hata kupanda na kushuka hamsubiriani sana.

Mchana_Kweupe:
Huo ni ushauri mzuri, lakini mmesahau jambo kubwa. Mwezi wa saba kule ni baridi kali, na kufika saa kumi na moja na nusu jioni jua limeshazama.

Ziara nyingi zinafuata pwani asubuhi: Torquay, Lorne, Apollo Bay, halafu zinapita msitu wa Otway, na Apostles mnafika mchana pamoja na mabasi mengine yote. Tafuta ile inayokwenda kinyume. Wanapita bara kupitia Colac, njia imenyooka zaidi, mnaanza na Apostles mama akiwa bado na nguvu na watu wakiwa wachache. Kona za pwani mnazikuta alasiri wakati wa kurudi. Hasara yake ni kwamba wakichelewa kutoka Apostles, kipande cha mwisho kabla ya Torquay mtakipita gizani. Kwa hali ya mama yako, mimi ningeikubali hasara hiyo.

Na siti! Kule wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo mkienda na pwani kutoka Torquay bahari iko kushoto. Mkienda kinyume iko kulia. Mwombee mama siti ya mbele nyuma ya dereva: ataona bahari, na mbele hakuyumbishi kama nyuma.

KobeMzee:
Hilo la siti nilikuwa silijui, na nimeenda mara mbili 😂

mfamasia_mstaafu:
Kidonge cha kichefuchefu ameze kabla kona hazijaanza. Akisubiri mpaka moyo uchafuke, kidonge chenyewe kitatoka. Kama anatumia dawa za presha au nyingine yoyote, muulizeni kwanza mfamasia. Vingine vinaleta usingizi pia. Kati ya Lorne na Apollo Bay asisome simu, atazame mbali.

dada_wa_pwani:
Kuhusu goti: Apostles penyewe hapana shida, kutoka maegesho unapita chini ya barabara halafu kuna njia nzuri ya kutembea mpaka pa kutazamia. Gibson Steps ndiyo amwachie kijana, ni ngazi 86 kwenye jabali, na bahari ikichafuka huwa wanazifunga. Loch Ard Gorge, lile korongo la pwani, atazame kutoka juu. Hapo kiongozi wetu alisimulia meli iliyovunjika mwaka 1878 ikiwa na watu 54, wakapona wawili tu, kijana na binti. Basi zima lilinyamaza. Hiyo kwenye gari la kukodi huipati.

Na msivuke uzio kwa ajili ya picha. Yale ni mawe ya chokaa, bahari inayala kila siku. Mwaka 1990 daraja la mwamba la hapo jirani, London Bridge, lilikatika watalii wawili wakiwa upande wa baharini, wakaja kuokolewa na helikopta.

Mpole_Safarini:
Aisee. Mama amesikia hilo la helikopta, ameuliza kama Apostles wenyewe bado wapo wote 12.

Mchana_Kweupe:
Hawakuwahi kufika 12, hilo ni jina la kuvutia wageni tu. Walikuwa tisa, mmoja akaporomoka Julai 2005. Mwambie awahi.

KobeMzee:
Mkuu, koti la kuzuia upepo kwa mama si hiari. Mwavuli acheni, upepo wa pale utaugeuza bakuli. Na msikose kusimama Kennett River, koala, wale wanyama wa manyoya wa Australia, wako juu ya miti kabisa.

Mpole_Safarini:
Nashukuruni sana. Nimepata gari dogo linalokwenda kinyume, dakika 60 kwenye Apostles, wameniandikia. Siti ya nyuma ya dereva wamesema watajitahidi. Mama anauliza swali la mwisho: huyo koala akiona watu anafanya nini?

dada_wa_pwani:
Analala, mama. Tulisimama robo saa chini ya mti, aligeuza kichwa mara moja akaendelea.