Tupeane uzoefu: uliihamaje FoxPro na ndugu zake?

Fundi wa Kamwokya

Bassebo ne bannyabo, habari za jioni. Mwezi huu nimemaliza kuhamisha mfumo wa SACCO moja hapa Kampala kutoka Visual FoxPro, lugha ya zamani ya Microsoft yenye hifadhidata yake ndani, kwenda lugha ya Python na hifadhidata ya PostgreSQL, na mwili bado unauma. Toleo la mwisho la FoxPro, la 9, lilitoka 2004. Mwaka 2007 Microsoft wakatangaza kwamba la 10 halipo, na Januari 2015 msaada wao ukaisha. Lakini pita kwenye vyama vya akiba, maduka ya vipuri, hata shule: utaikuta inachapa kazi, tena kwa kasi inayotia aibu mifumo mingi ya leo.

Nilidhani lugha ndiyo itanisumbua. Python niliizoea ndani ya wiki tatu. Walionitoa jasho ni wafu.

Kwenye faili la DBF, ndimo FoxPro inamotunza data, ukifuta rekodi haiondoki. Kila rekodi inaanza na baiti moja: ikiwa nafasi tupu, rekodi iko hai, ikiwa nyota, imefutwa. Inaondoka kweli ukipiga amri ya PACK tu, na PACK watu wanaiogopa, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo utalia peke yako. Ile SACCO haikuipiga kwa miaka. Nami kwa ujuaji wangu nikajiandikia kisomaji changu cha DBF badala ya kuchukua maktaba iliyopo, na ile baiti ya kwanza nikairuka kama takataka.

Jumatatu asubuhi mhasibu akanipigia: "Ssebo, mbona orodha ya wadaiwa ina watu tuliowazika?" Wengine walikuwa wamelipa na kujitoa zamani. Ujumbe wa kukumbusha deni ulikuwa umeshatoka saa moja asubuhi. Kuna mjane mmoja wa Kawempe nilimfuata kwa boda na kilo mbili za sukari kumwomba radhi. Alinikaribisha chai, lakini simu yenye ule ujumbe aliiweka mezani mbele yangu muda wote.

La pili: FoxPro, mpangilio wa SET EXACT ukiwa umezimwa, ukitafuta "Nam" inakuletea kila Namubiru na kila Namutebi, kwa sababu inalinganisha herufi za mwanzo tu. Python ukiiambia sawa, inataka sawa kabisa. Tena jina lilikuwa limejazwa nafasi tupu nyuma hadi zifike herufi 30, nami sikuzikata, kwa hiyo hata aliyeandika jina zima hakupata mtu. Mabinti wa kaunta wakasema mfumo wangu haujui watu.

Haya, wenzangu, nyie ilikuwaje?

Binti Arua

Pole kaka, nimecheka nikajionea aibu. Mimi nilirithi mfumo wa duka la dawa ulioandikwa kwa VB6, yaani Visual Basic 6, na hifadhidata ya Access. VB6 ni ya 1998, msaada wake uliisha 2008, na mwenye duka hakujali hata kidogo. Kilichomwamsha ni EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA, mamlaka ya mapato, ilipoanza Januari 2021. Ankara zikawa zitoke kwenye mfumo kwa muundo wa JSON, zikiwa zimefungwa kwa usimbaji. VB6 unaweza kuilazimisha, lakini ni kama kumfundisha babu kuogelea. Nikaenda lugha ya C#.

Kupakua vifaa vyake tu kulikula bando la usiku siku nne. Halafu programu mpya ikawa inaanguka kila dakika kumi, na mimi naitukana C#. Kumbe aliyenitangulia alikuwa ameandika On Error Resume Next karibu kila mahali. Yaani kosa likitokea, limeze, endelea mbele. Mfumo wa zamani ulikuwa unaumwa miaka yote bila kulia. Nilipoangalia stoo, dawa kama sitini zilikuwa na idadi hasi. Paracetamol ilikuwa hasi 1,140! Tulifunga duka Jumapili mbili tukahesabu vidonge kwa mkono.

Mwenye duka mpaka leo anaamini ni C# iliyopoteza dawa zake.

Mzee wa Bombo

Vijana mna haraka. Mimi sikuhama lugha, nilihama faili. Skrini za FoxPro nimeziacha, data nimeipeleka PostgreSQL kwa daraja la ODBC, na amri ya FoxPro iitwayo SQLEXEC inafanya mengine. Faharisi haziharibiki tena umeme ukikatika, na ile dari ya GB 2 kwa kila faili imeondoka. Skrini nitazibadilisha moja moja, Mungu akinipa umri.

Fundi wa Kamwokya

Mzee wangu, ningekuuliza mapema. Tarehe tupu ulizifanyaje? FoxPro inakubali tarehe isiyo na kitu, PostgreSQL ilinikatalia katakata.

Mzee wa Bombo

NULL, yaani iache bila thamani. Usiweke 1900 kama wengine. Nilishaona mwanachama ana miaka 119 na bado anaomba mkopo wa pikipiki.

Mhasibu Mbale

Mimi si mwandishi wa programu, ni mtumiaji, ila naomba nisikike. Tunanunua kahawa kwa wakulima wa mlimani. Mfumo wa zamani ulikuwa na aibu moja: safu ya jumla ilikuwa ya tarakimu saba, kwa hiyo malipo yakifika milioni 10 stakabadhi inachapa nyota tupu. Mkulima anashika karatasi, anaiangalia, ananiangalia. Tukawa tunagawa mzigo wake mara mbili ili afurahi.

Mpya hauna nyota. Lakini ule wa zamani nilikuwa naandika kilo, Enter, bei, Enter, F10, karatasi imetoka, macho yangu yako kwenye mizani muda wote. Huu mpya lazima nishike kipanya, nibonyeze kisanduku cha tarehe, kifunguke kalenda nzuri, nichague leo. Leo! Kila mkulima, leo! Siku ya kwanza foleni ilifika barabarani na mvua ikawanyeshea magunia. Nilimwambia aliyeutengeneza: njoo ukae hapa asubuhi moja tu. Alikuja. Saa tano hakuwa amesema neno, na wiki iliyofuata Enter ilirudi.

Malaba Kwetu

Nilikuwa nasoma kimya. Mimi bado niko Clipper, ndugu wa FoxPro anayetumia faili zile zile za DBF, kwenye duka la vipuri vya malori, na nilipanga kuhama Desemba kwa kisomaji nilichojiandikia mwenyewe. Baada ya posti ya Fundi nimefungua faili la wateja sasa hivi. Nyota 412. Kesho asubuhi naenda kukaa na mama mwenye duka tuzipitie moja moja, maana anasema baadhi ya hao hawakufutwa na yeye.