Handaki jipya wamejenga, la zamani nalo wakalitia tozo. Sisi wa mashariki ya London tumewakosea nini?

Wakuu, habari za wakati huu.

Nimevumilia tangu Aprili 2025, leo nimechoka. Uzi huu ni wa wale tunaokaa kusini-mashariki ya London, Woolwich, Plumstead, Thamesmead, Abbey Wood na kuzunguka huko, ambao riziki yetu iko ng'ambo ya mto. Mlioko Dar someni tu, maana kuna watu humu wanaamini tozo ni ugonjwa wa kwetu peke yetu na Ulaya mambo yote yamenyooka.

Kwa wasioijua hali: ukiwa na gari upande huu, njia ya kuvuka mto Thames iliyokuwa na maana ni moja, handaki la Blackwall. Tundu la kwanza lilifunguliwa 1897, enzi za farasi, la pili 1967. Lile la kizee ndilo linalotupeleka kaskazini asubuhi. Lina kona, na paa lake ni la chini, lori likizidi mita 4 halipiti. Dereva mmoja asiyesoma kibao akifika pale mlangoni anazuiwa, magari yanasimamishwa ili atolewe, na sisi wengine tunakaa kwenye barabara ya A102 tukitazamana. Ndiyo maisha tuliyoyazoea. Lakini ilikuwa bure. Zaidi ya miaka 120 mtu alivuka pale bila kutoa hata senti.

Kisha wakubwa wa usafiri wa jiji wakaja na habari njema: tunawajengea handaki la pili hapo hapo jirani, linaanzia Greenwich Peninsula linatokea Silvertown, kilomita 1.4, mpunguziwe foleni. Tukafurahi. Tarehe 7 Aprili 2025 likafunguliwa, na siku hiyo hiyo tozo ikaanza kwenye MAHANDAKI YOTE MAWILI. Jipya unalipa, na lile la 1897 unalipa. Bei ile ile.

Hapa ndipo nataka tuelewane, kwa sababu kila nikilalamika anatokea mtu kuniambia "ndugu, maendeleo yana gharama". Sina ugomvi na kulipia barabara mpya. Nairobi wana barabara yao ya juu tangu 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Wakenya wameipigia kelele sana, na bei imeshapanda, lakini angalau makubaliano yanaeleweka: una haraka, panda juu ulipe, huna hela, baki chini Mombasa Road na foleni yako. Uamuzi ni wako. Barabara ya kulipia maana yake ni hiyo, unanunua muda. Hapa kwetu wamejenga njia ya mchepuko halafu wakaweka bei hadi kwenye njia inayochepukwa. Sasa mimi nanunua nini?

Majibu yao nimeyasoma. Wanasema Blackwall ingebaki bure watu wote wangeng'ang'ania pale na Silvertown ingekaa tupu. Naielewa hoja hiyo, na ndiyo inayonipandisha hasira zaidi, kwa sababu ni kukiri kwamba mtu akiachiwa achague hatalichagua handaki lao. Mradi unatajwa kuwa wa pauni bilioni 2.2, umejengwa kwa mkataba na kampuni binafsi zinazotakiwa kurudishiwa fedha zao kwa miaka mingi ijayo. Fedha hizo zinatoka wapi? Kwa mzee wa 1897.

Tuje kwenye hesabu. Gari dogo au van ndogo ni pauni 4 saa za msongamano, na pauni 1.50 saa nyingine. Saa za msongamano ni Jumatatu hadi Ijumaa: kwenda kaskazini saa 12 hadi saa 4 asubuhi, kurudi kusini saa 10 jioni hadi saa 1 usiku. Yaani hasa zile saa ambazo mtu wa huku anaenda kazini na kurudi. Pauni 8 kwa siku, 40 kwa wiki. Fundi mwenye van kubwa yeye ni 6.50 kwa kila mvuko wa saa hizo. Na kama una kidizeli chako cha zamani kisichokidhi viwango vya hewa, umeshalipa 12.50 ya ULEZ, ile tozo ya kila siku ya magari yanayochafua hewa, kabla hujauona mto. Jumlisha mwenyewe: pauni 20.50 kwa siku ili ukafanye kazi ya kima cha chini cha mshahara.

Usiku kuanzia saa 4 hadi saa 12 asubuhi ni bure. Asanteni sana. Nimwambie bosi wangu nitaanza kuja saa kumi na moja alfajiri na kuondoka saa nne usiku?

Halafu kuna huu ujanja wa bei ndogo. Ile 1.50 huipati hivi hivi, ni mpaka uwe umejisajili kwenye mfumo wao wa kukatwa moja kwa moja kwenye kadi. Usipojisajili unalipa bei kubwa hata ukipita saa sita mchana barabara nyeupe. Kibanda cha kulipia hakuna, ni kamera tu. Sasa mgeni anakuja msibani Plumstead kutoka Leicester, simu inamwongoza kupita pale, hana habari kama ametakiwa kulipa. Ana hadi usiku wa manane wa siku ya tatu baada ya kuvuka. Ukipita huo, barua inakuja nyumbani: pauni 180, akiwahi ndani ya siku 14 ni 90. Kwa mvuko wa pauni nne! Hii si tozo tena wakuu, huu ni mtego wa panya.

Kinachoniumiza kuliko yote sio hela, ni ramani. Fungueni ramani ya London sasa hivi muangalie upande wa magharibi. Putney, Wandsworth, Battersea, Chelsea, Vauxhall, Lambeth, Westminster, Waterloo, madaraja yamepangana hadi unachoka kuhesabu, na hakuna hata moja lenye tozo ya kuvuka. (Najua ukiingia katikati ya jiji kuna tozo ya msongamano, lakini ile ni ya eneo, sio ya daraja. Mtu wa Putney anavuka na kurudi mara kumi kwa siku, hakuna anayemuuliza.) Ukishapita Tower Bridge kuja kwetu madaraja ya magari yanaisha. Kuna Rotherhithe, handaki la 1908 ambalo gari likizidi mita 2 kwenda juu halipiti. Kuna haya mawili ya kulipia. Kuna pantoni la Woolwich. Basi, mpaka ufike mvuko wa Dartford, nje kidogo ya London, ambako nako unalipa. Walioachwa bila madaraja kwa zaidi ya karne moja, ndio hao hao wanaopelekewa bili. Hammersmith Bridge kule magharibi imefungwa kwa magari tangu 2019, na hata hiyo sijasikia wakiambiwa walipie daraja la jirani ili yao itengenezwe.

Kuna punguzo, ndiyo. Wakazi wa kipato cha chini wa manispaa za upande huu wanakatiwa nusu, kwa angalau miaka mitatu ya mwanzo. Lakini masharti yake ni lazima uwe unapokea benefiti fulani fulani, yaani msaada wa fedha wa serikali. Mtu anayejituma shifti mbili akavuka kiwango kidogo tu, hana punguzo. Na wale wenzetu ambao viza zao haziruhusu kugusa benefiti yoyote, mnawajua, wapo kibao kwenye kazi za kea (kuhudumia wazee na wagonjwa), wao wanalipa sawasawa na mwenye Range Rover.

Niseme ukweli, foleni imepungua. Asubuhi A102 sio ile. Ila hata Silvertown kwenyewe usidhani ni barabara pana, kila upande ni njia mbili na moja ni ya mabasi na malori. Mwenye gari dogo anabaki na njia moja.

Na msije mkaniambia "vumilia, mkataba ukiisha itakuwa bure". Dartford waliambiwa hivyo hivyo. Tozo ilikuwa ya kulipia daraja lililofunguliwa 1991, deni likaisha, na mwaka 2003 badala ya kuiondoa wakaibadilisha jina, ikawa tozo ya kudhibiti msongamano. Septemba 2025 wameipandisha kutoka 2.50 hadi 3.50. Kwa hiyo mimi Silvertown nimeshaiweka kwenye matumizi ya maisha, pamoja na maji na umeme.

Jambo moja la kuchekesha kwa watu wa Kigamboni: pantoni la huku ni BURE. Magari na watu, tangu 1889. Nyie mnalipia pantoni na daraja pia, ingawa 2022 kelele zenu ziliwafanya washushe bei za daraja. Sisi tunajificha kwenye pantoni. Shida ni kwamba jioni linafunga, linaharibika mara kwa mara, na tangu tozo ianze kila mjanja wa Thamesmead amelikumbuka.

Ninachotaka ni Blackwall irudishwe bure. Silvertown watoze wanavyotaka. Kama wanaamini ni zuri, watu watalifuata wenyewe. Kama hilo haliwezekani, basi watoze na Putney.

HARIRI: Naona kuna mkuu hapo chini ameandika "panda treni, Elizabeth Line ipo Woolwich na Abbey Wood". Mkuu, nafanya kea ya majumbani. Mteja wa kwanza yuko Beckton, wa pili Barking, wa tatu karibu na East Ham, kila mmoja nusu saa, na kwenye buti nina glavu, pedi na mashine ya kupimia presha. Nikushukie kwenye kituo kipi?

HARIRI 2: Dada aliyeuliza kuhusu mabasi: ndiyo, mabasi yanayopita Silvertown yaliwekwa bure kwa mwaka wa kwanza. Moja linaanzia Grove Park, lingine Lewisham. Thamesmead hakuna. Hata waendesha baiskeli waliwekewa basi lao la kuwabeba na baiskeli zao, nalo lilianza bure. Kama kuna mtu humu anavuka kila siku na amepata unafuu wowote nje ya lile punguzo la benefiti, aweke hapa alivyofanya. Inbox sijibu.